Kabla ya kupokea kiti cha magurudumu, pima njia ya shambani

MKULIMA anayetumia kiti cha magurudumu hahitaji kuelezwa maana ya masika. Mita 20 tu kutoka mlangoni, magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye tope, kiti hukwama na mwenyewe hubaki akisubiri mpita njia. Shamba linaweza kuwa umbali wa kilometa moja tu, lakini siku hiyo halifikiki. Palizi inasubiri, ndege wanakula mtama, na kibarua analipwa kwa kazi ambayo mwenye shamba angeisimamia mwenyewe.

Wengi huona kuwa hilo ni tatizo la ulemavu wake. Mara nyingi ni tatizo la kifaa. Kiti alichopewa kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji, naye maisha yake yako kwenye udongo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, lakini wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35 tu, kutegemea nchi wanayoishi. Kwa uhaba huo, anayebahatika kupewa hupokea chochote kinacholetwa na kushukuru. Baada ya miezi michache kiti kinaegeshwa nyuma ya nyumba kikiwa kimevunjika, na mkulima anarudi kutambaa au kubebwa mgongoni.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, kifaa cha kutembelea ni zana ya kazi kama lilivyo jembe, mkokoteni au mizani. Hakuna anayenunua jembe la kukokotwa na ng'ombe bila kujua udongo wake. Vivyo hivyo, kifaa cha kutembelea kichaguliwe kwa kuangalia njia, kazi na mwili wa mtumiaji, na mwisho ulizwe yupo fundi gani wa kukitengeneza.

Kiti cha sakafu ya saruji

Kiti cha kukunja cha mabomba ya chuma, kile kinachoonekana katika hospitali nyingi, kina historia ya karibu miaka 90. Kilianza kuenea nchini Marekani katika miaka ya 1930, baada ya mhandisi wa migodi Herbert Everest, aliyelemaa katika ajali ya mgodini, kushirikiana na Harry Jennings kutengeneza kiti kinachoweza kukunjwa na kuingia ndani ya gari. Kwa nchi yenye barabara za lami na njia za saruji, lilikuwa jambo kubwa.

Kwenye barabara ya kijiji kiti hicho kina udhaifu ulio wazi. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na membamba, nayo yako karibu na miguu ya mtumiaji, hivyo hubeba sehemu kubwa ya uzito. Yakifika kwenye mchanga huzama. Yakigonga jiwe au kisiki husimama ghafla, na aliyekaa hurushwa mbele. Tope huingia kwenye gololi, kitambaa cha kukalia hulegea, na njiti za gurudumu zikikatika fundi wa kijijini hana za kipimo hicho.

Miongoni mwa waliolishughulikia tatizo hilo ni Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza miguu katika ajali ya pikipiki mwaka 1966. Alifanya kazi na watumiaji na mafundi wa nchi maskini, na shirika aliloshiriki kulianzisha, Whirlwind, likatoa kiti kiitwacho RoughRider, chenye chesi ndefu na magurudumu ya mbele mapana ya raba.

Nchini Uingereza, shirika la Motivation lililoanzishwa mwaka 1991 lilikuja na kiti cha magurudumu matatu kwa ajili ya ardhi mbovu. Shirika hilo lilishirikiana na chuo cha TATCOT kilichopo KCMC mjini Moshi kuanzisha mafunzo ya mafundi sanifu wa viti vya magurudumu.

Siri ya viti hivyo ni moja. Gurudumu la mbele likiwekwa mbali na miguu ya aliyekaa, uzito mwingi hubaki kwenye magurudumu makubwa ya nyuma. La mbele huwa jepesi, hupanda juu ya jiwe badala ya kuligonga, na kiti hakipinduki mbele kwa urahisi.

Anza na njia

Kabla ya kufikiria aina ya kifaa, mtumiaji na familia yake wanashauriwa kuipita njia anayotaka kuitumia kila siku, tangu kitandani hadi shambani, dukani au mnadani. Yapo mambo matano ya kuangalia.

La kwanza ni umbali. Nusu kilometa kwenda gengeni si sawa na kilometa sita kwenda mnadani. La pili ni ardhi. Mchanga wa Mkuranga, tope jeusi la mbugani Shinyanga na mawe ya milimani Lushoto kila kimoja kina adha yake. La tatu ni mwinuko, kwa sababu kinachopandika kwa taabu huteremka kwa hatari.

La nne ni mzigo. Anayekwenda kusimamia vibarua anahitaji nafasi ya maji na daftari, lakini anayekwenda kuuza nyanya anahitaji nafasi ya matenga. La tano ni nyumba yenyewe, yaani upana wa mlango, kizingiti, choo kilipo, na mahali kifaa kitakapolala kisiibiwe.

Njia hiyo ipimwe wakati wa mvua pia. Kifaa kinachofanya kazi Agosti peke yake kitamwangusha mkulima Machi, wakati ambapo shamba linamhitaji zaidi.

Kila kifaa na kazi yake

Kiti kirefu cha magurudumu matatu kinafaa kwa anayezunguka kwenye kiwanja, bustani na njia mbaya za karibu, na ambaye hutumia kiti kwa siku nzima. Upungufu wake ni urefu. Kinahitaji nafasi kubwa ya kugeuka ndani ya nyumba, na ni kigumu kupakia kwenye daladala.

Kipo pia kiti kinachoendeshwa kwa vyuma viwili virefu vilivyosimama mbele ya mtumiaji, ambaye huvisukuma na kuvivuta badala ya kushika gurudumu. Akishika juu kabisa anapata nguvu ya kupanda mlima au kutoka kwenye mchanga, na akishika chini anapata mwendo. Kwa ndani hutumia mnyororo na gia za baiskeli ya kawaida.

Kiti hicho kilibuniwa na Amos Winter wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), Marekani, ambaye mwaka 2005 alikuwa Tanzania akichunguza hali ya viti vya magurudumu. Kilijaribiwa na watumiaji wa Afrika Mashariki mwaka 2009. Watumiaji hao walikisifu kwa njia za nje, lakini walisema kilikuwa kizito na kipana mno kwa ndani. Wabunifu walirudi karakanani wakakipunguza uzito na upana. Wataalamu walikuwa wamefikiria barabara, na watumiaji ndio waliowakumbusha nyumba.

Kwa safari ndefu na biashara, kifaa kilichothibitika ni baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, wenye ulemavu wa miguu wamejenga biashara ya usafirishaji kwa baiskeli hizo, wakipakia bidhaa nyuma na kuwalipa vijana wa kusukuma. Hali kama hiyo ipo mpakani Goma na Gisenyi, kati ya Kongo na Rwanda. Kifaa ambacho mjini huonekana cha kuombea misaada, pale ni lori dogo linaloajiri watu.

Baiskeli hiyo nayo ina masharti. Inahitaji mabega yenye nguvu na kiwiliwili kinachoweza kukaa wima. Haiingii ndani ya nyumba nyingi, hivyo mtumiaji lazima awe na magongo au kiti kingine cha ndani. Breki ni jambo la uhai, kwani baiskeli yenye gunia mbili nyuma inaposhuka mteremko haizuiwi kwa viganja. Iwe na breki mbili zinazojitegemea, na moja iweze kufungwa wakati wa kupakia.

Wanaotembea kwa magongo hawajasahaulika. Kwenye tope na mchanga, ncha nyembamba ya gongo huzama. Raba pana chini, yenye mikato ya kung'ata ardhi, husaidia sana. Raba iliyolika na kuwa laini kama sabuni ibadilishwe mara moja, kwani kuteleza kumoja kunaweza kuvunja nyonga.

Kwa mwenye mtaji mkubwa zaidi ipo bajaji. Klachi, gia na mafuta vyote viko kwenye usukani. Kinachohitaji kubadilishwa kwa asiyetumia miguu ni breki ya mguu, ambayo hufungiwa mkono wa kuivuta. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua, na dereva awe na leseni. Vijijini, mkokoteni wa punda wenye kiti cha kuegemea unaweza kumfikisha mkulima na mbolea yake mahali ambapo hakuna gurudumu la kusukuma kwa mikono litakalofika.

Wakulima wengi watagundua kuwa kifaa kimoja hakitoshi. Kiti cha nyumbani na baiskeli ya safari, au magongo na mkokoteni, ni mpango wa busara kuliko kutafuta kimoja cha kufanya yote.

Mwili nao upimwe

Njia ikishajulikana, ni zamu ya mwili. Aliyepata polio utotoni kwa kawaida anahisi maumivu mahali anapokalia, na kiti kigumu kikimuumiza atajua. Aliyevunjika uti wa mgongo, kwa kuanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, au kwa ajali ya bodaboda, anaweza asihisi chochote.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtu asiyehisi akikaa saa nyingi juu ya ubao au kitambaa kilicholegea, nyama iliyo kati ya mfupa na kiti hukosa damu na kufa. Kidonda huanza kama wekundu au weusi mdogo kwenye ngozi, kisha huchimba hadi mfupani. Vidonda hivyo vya mgandamizo vimewaua watu ambao jeraha la mgongo halikuwaua. Kwa hiyo mto wa kukalia kwa mtu kama huyo ni sehemu ya kiti. Apewe pamoja na kiti, si baadaye.

Upo ukaguzi rahisi unaofundishwa na WHO. Mtumiaji akiwa amekaa juu ya mto, mhudumu au ndugu, kwa ridhaa yake, huingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia. Ncha za vidole zikiweza kucheza juu na chini kwa nusu sentimeta au zaidi, mto unafaa. Zikishindwa kucheza lakini zikachomoka kirahisi, hilo ni onyo. Zikibanwa hata kuchomoka ni shida, mto huo haufai kukaliwa. Sponji huchoka, kwa hiyo ukaguzi urudiwe kila baada ya miezi michache.

Pamoja na mto, mtumiaji anatakiwa kuinama mbele au kuegemea upande mmoja na kisha mwingine mara kwa mara ili damu ipite, hata akiwa katikati ya mauzo. Jioni ngozi ikaguliwe kwa kioo au na mtu wa nyumbani.

Vipimo vingine vinaweza kuchukuliwa kwa futi ya fundi cherehani. Upana wa kiti ulingane na nyonga, kwani kikipwaya mwili hulalia upande na mikono haifiki vizuri kwenye magurudumu. Kina cha kiti kiwe pungufu ya urefu wa paja, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kwa sentimeta 3 hadi 6. Sehemu ya kuwekea miguu ibebe miguu bila kuinua mapaja, lakini isiwe chini kiasi cha kugonga matuta.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2008, ulioandaliwa kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo, uliweka hatua nane za kumpatia mtu kiti, zikiwamo kumpima, kukirekebisha kiti, kumfundisha kukitumia na kumfuatilia baadaye. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya unaosisitiza mambo hayo hayo. Anayegawiwa kiti uwanjani mbele ya wageni, bila kupimwa, ana haki ya kuuliza atapimwa lini na nani.

Fundi wa kijijini ndiye mwamuzi

Kifaa kizuri kisichotengenezeka ni deni. Njia rahisi ya kukikagua ni kumwita fundi baiskeli wa kijijini kabla ya kukipokea au kukilipia, na kumuuliza maswali manne. Je, tairi na mpira wa ndani vya kipimo hiki vinapatikana kwenye duka la karibu? Njiti je? Gololi zikiisha, anazo za kubadilisha? Chesi ikikatika, inaweza kuchomelewa?

Magurudumu ya baiskeli za kawaida za mizigo hupata vipuri karibu kila gulio. Viti vingi vya kutoka nje hutumia gurudumu la inchi 24, ambalo vijijini ni adimu zaidi. Chesi ya bomba la chuma huchomelewa na fundi yeyote wa mageti, wakati ile ya aluminiamu inahitaji mashine na ujuzi ambao wengi hawana.

Mafundi hawapo Moshi peke yake. Nchini Kenya, Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo (APDK), kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana za viti na baiskeli za magurudumu matatu. Jijini Kampala ipo karakana ya MADE, ambayo wachomeleaji wake ni wanawake wenye ulemavu. Fundi anayetumia bidhaa yake mwenyewe hujua mapema mahali itakapokatika.

Matunzo ya kila wiki si magumu. Magurudumu yajazwe upepo, mnyororo ufutwe tope na kupakwa mafuta, nati zikazwe, njiti zilizolegea zivutwe, na breki zijaribiwe kwenye mteremko mdogo kabla ya mkubwa.

Hesabu ya fedha

Swali la mkulima yeyote ni kama gharama itarudi. Tuseme mfanyabiashara wa mboga anamlipa kijana Sh2,000 kila siku ya soko ili amsukume, mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka hizo ni Sh208,000. Kifaa kinachomwezesha kwenda mwenyewe kikidumu miaka minne, atakuwa ameokoa Sh832,000, bila kuhesabu siku za soko alizokosa kwa sababu kijana hakutokea. Kila mmoja aweke tarakimu zake, kisha alinganishe na bei ya kifaa pamoja na vipuri vya miaka hiyo.

Hesabu hiyo pia huonyesha kwa nini kiti cha bure kinachovunjika baada ya miezi sita si cha bure.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri nchini Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo sehemu 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliwekwa kisheria mwaka 2018, ukasimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa masharti. Ombi linaloonyesha biashara itakayofanywa na kifaa lina uzito kuliko ombi la kifaa peke yake.

Kwa wafanyabiashara wanaofikiria kuagiza vifaa hivi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeviweka vifaa vya watu wenye ulemavu katika orodha ya msamaha wa ushuru. Masharti yaulizwe kwa mamlaka ya mapato kabla mzigo haujafika bandarini.

Haki ya kudai kifaa kinachofaa nayo ina msingi. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara yake ya 20 inataka vifaa bora vipatikane kwa gharama inayomudika, na watengenezaji wahimizwe kuzingatia kila upande wa mwendo wa mtumiaji. Kwenda shambani ni mmoja wa pande hizo.

Njia nayo itengenezwe

Pamoja na yote hayo, jembe na koleo vinaweza kufanya kile ambacho kifaa hakiwezi. Njia ya upana wa mita moja iliyosafishwa visiki, ikamwagiwa changarawe mahali penye utelezi na kuchimbiwa mtaro wa maji pembeni, hukifanya kiti cha wastani kuwa kizuri. Kizingiti cha sentimeta 10 kinahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.2 ili mtu aupande bila kusukumwa.

Matuta ya mboga yaliyoinuliwa hadi usawa wa magoti, kitalu cha miche juu ya meza, na banda la kuku lenye mlango mpana vitamwezesha mkulima kufanya kazi kwa mikono yake badala ya kuelekeza kwa mdomo.

Masika yatakuja tena. Familia yenye mtu anayetumia kiti cha magurudumu haina haja ya kuyasubiri ndipo ijue kama kiti kinafaa. Siku moja ya kupita njia kwa futi mkononi, pamoja na fundi baiskeli na mwenye kiti mwenyewe akiwa msemaji mkuu, itatosha kuonyesha kinachohitajika. Atakayefanya hivyo mapema ataisimamia palizi yake mwenyewe.